Nimehamia Kigoma, SACCOS yangu iko Tabora. Naweza kuhudumiwa na SACCOS ya huku?

Nesi wa Mwanga
Habari za humu wakuu. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Kigoma mjini nikitokea Tabora. Kule nina SACCOS ya watumishi, yaani chama cha akiba na mikopo: nina hisa, akiba, na mkopo ambao bado naulipa. Pia nimemdhamini mwenzangu. Marejesho yanakatwa kwenye mshahara, hayo hayana shida. Kinachonisumbua ni amana ya hiari. Nikitaka kuweka au kutoa, ofisi iko Tabora, na kwenda na kurudi kwa treni kunamaliza siku zangu zote za mapumziko.

Binamu yangu yuko Marekani. Anasema kule anaingia tawi la chama kingine kabisa na anahudumiwa kama kwake. Hapa mjini mhudumu wa SACCOS moja ameniambia nimwachie hela, atawasiliana na wenzake wa Tabora. Nimpe? Au nijitoe nijiunge na ya huku?

Fundi Hesabu
Dada, usimpe.

Binamu yako amesema kweli. Kule vyama vingi vya akiba na mikopo vimejiunga na mtandao wa matawi ya pamoja, mifumo yao ya kompyuta inasomana. Mwanachama anataja jina la chama chake na namba ya akaunti, anaonyesha kitambulisho chenye picha, na karani anafanya muamala kwenye akaunti ileile. Anaweka, anatoa, hata marejesho ya mkopo yanapokelewa. Baadaye vyama vinalipana vyenyewe. Ila mkopo mpya anauomba chamani kwake, na hata huko si vyama vyote vimo.

Hapa kwetu, SACCOS ya Kigoma na ya Tabora kisheria ni vyama viwili tofauti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeziweka SACCOS daraja la tatu, na kazi yao ni kuhudumia wanachama wao. Huyo mhudumu akipokea hela yako ataiandika kwenye daftari gani? Kama hakuna mkataba wa maandishi kati ya vyama hivyo viwili, huna pa kudai.

Mzee wa Urambo
Na kujitoa usikimbilie, mwanangu. Akiba yako ndiyo dhamana ya mkopo, hawakupi mpaka umalize deni, na udhamini wa mwenzako bado unakushika. Hisa kwenye vyama vingi hazirudishwi, unamwachia mwanachama mwingine kwa kufuata masharti. Halafu huku utaanzia sifuri, wakati mkopo unapimwa kwa akiba, vyama vingi mara tatu yake. Umbali peke yake si sababu ya kupoteza yote hayo.

Mtoto wa Ujiji
Mpigie meneja akupe namba ya akaunti ya benki ya chama. Weka hela kwenye tawi la benki hiyo hapa mjini au kwa wakala wake. Kwenye maelezo andika jina kamili, namba ya uanachama na neno "amana", usije ukaingiziwa kwenye mkopo. Piga picha hati ya malipo umtumie mhasibu, na udai stakabadhi ya chama. Usitume kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mhasibu mwenyewe.

Kutoa, uliza kama wanapokea fomu iliyosainiwa kisha wakuingizie kwenye akaunti yako ya benki.

Nesi wa Mwanga
Ahsanteni sana, nimeshaongea na meneja na namba ya akaunti ninayo. Amekubali fomu pia. Ila daftari la chama lina jina la baba, na benki natumia la ndoa. Itakwama?

Fundi Hesabu
Kwenye kutoa itakwama. Andika barua ya kubadili jina, ambatisha nakala ya cheti cha ndoa na ya kitambulisho cha NIDA, na subiri wakujibu kwa maandishi ndipo ujaze fomu.