Sheria ndogo za moto zinalinda mipaina, nyumba za watu hazimo!

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza makali.

Kiangazi ndicho hiki. Mufindi, Njombe na Makete umande unaganda usiku, nyasi zimebabuka kwa baridi, na upepo wa Agosti na Septemba uko njiani. Mikutano ya kijiji inaitishwa, inasomwa sheria ndogo: usichome shamba bila kibali, faini ni hii, kila mwenye shamba la miti alime barabara ya moto, yaani ukanda wa udongo mtupu wa kuzuia moto. Mkutano unafungwa. Muulizeni mtendaji wenu swali moja tu: sheria hiyo inasema nini kuhusu mita 1.5 ya kwanza kutoka kwenye ukuta wa nyumba? Mti wa mtu anayeishi Dar umewekewa kanuni, lakini nyumba wanamolala watoto haina hata mstari mmoja. Hii haikubaliki.

Nyumba nyingi zinazoteketea kwenye moto kichaa haziguswi kabisa na ule ukuta wa miali unaoonekana kutoka mbali. Zinawashwa na cheche. Gome la mlingoti (mkaratusi) huchanika vipande virefu vyepesi, upepo ukavibeba vikiwaka hadi mamia ya mita mbele ya moto wenyewe. Barabara ya moto ya mita 10 haizuii kitu kinachopita hewani. Kinatua kwenye mabanzi yaliyoegemezwa ukutani, au kwenye maranda ya banda la kuku, na nyumba inashika wakati moto bado uko ng'ambo ya bonde. Kisha watu wanasema "moto ulikuwa mkali sana". Hapana! Uliandaliwa pa kutua.

Miaka ya 1990 kulifanyika majaribio Kanada: kuta za mbao zilisimamishwa mbele ya msitu unaowaka mpaka vileleni. Za umbali wa mita 10, baadhi ziliwaka. Za mita 20 na 30 hazikuwaka. Joto la msitu haliendi mbali, cheche ndizo zinazokwenda mbali. Kule California sheria ya kusafisha futi 5 za kwanza kuzunguka nyumba ilipita mwaka 2020, kanuni zake zilitakiwa ziwe tayari tarehe 1 Januari 2023, tarehe ikapita bila kanuni. Moto wa Los Angeles wa Januari 2025 ndio uliofanya gavana aagize kazi imalizwe mwaka huohuo. Futi 5 ni hiyohiyo mita 1.5 yetu. Sisi hata rasimu hatuna.

Msiniambie ardhi haitoshi. Nyumba ya mita 8 kwa 10, ukiizungushia mita 1.5 unatumia mita za mraba 63. Hizo mtu anazimaliza kwa jembe na fagio asubuhi moja. Iwe udongo mtupu uliofagiliwa, kokoto au saruji. Bibi zetu walifagia uwanja mpaka ukang'aa, na walikuwa sahihi; siku hizi watu wanapanda ukoka na ua la misaipresi hadi chini ya dirisha. Misaipresi kwa nje ni ya kijani, ila ndani imejaa matawi makavu, na moto ukiingia humo miali inafika kwenye paa. Kuni, mabanzi na magunia ya mkaa vitoke vyote ndani ya mita hiyo 1.5, na rundo kubwa la kuni likae mita 10 au zaidi. Jiko la nje la nyasi vilevile. Uzio wa mabanzi uishie mita 1.5 kabla ya kugusa nyumba, kipande cha mwisho kiwe bati au tofali, maana uzio uliowaka huuleta moto ukutani polepole na kwa uhakika.

Wenye bati msijidanganye. Bati haliungui, lakini kenchi na papi zilizo chini yake ni mbao kavu. Cheche hupenya kwenye migongo ya bati pale paa linapokutana na ukuta, na chini ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa. Ziba kwa tofali na saruji. Matundu ya hewa yabaki, ila yawekwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Wavu wa mbu wa plastiki unayeyuka mara moja. Gata likiwa na majani ya mipaina, ubao wa ukingo wa paa utaungua hata kama uwanja umefagiliwa vizuri, kwa hiyo lisafishwe mwezi wa sita na tena wa nane.

Kutoka hapo mpaka mita 10, nyasi zisizidi sentimita 10 na matawi yasiguse paa. Mpaka mita 30 hatukati miti yote. Tunapunguza, tunapogolea matawi ya chini hadi mita 2 kutoka ardhini, ili moto wa nyasi usipande vileleni. Nyumba za juu ya mlima kule Kilolo na Ludewa zinahitaji zaidi upande wa bondeni: mteremko ukiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda hukaribia mara mbili.

Na hapa ndipo penye dhuluma. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ikizungushiwa mita 30 inahitaji zaidi ya ekari moja, na mwananchi wa kawaida hana. Sehemu kubwa ya mita hizo iko ndani ya shamba la jirani, mara nyingi mwekezaji ambaye hapogolei wala hafiki. Sheria ndogo imlazimishe yeye. Asipande mstari wa kwanza mpaka kwenye mpaka wa nyumba ya mtu, na akishindwa kusafisha, kijiji kisafishe na gharama alipe.

Halafu acheni kupokea barabara za moto zilizofyekwa tu. Nyasi zilizofyekwa zikaachwa zimelala ni njia ya moto, si kizuizi. Kagueni kwa kuangalia udongo. Kama hauonekani, kazi haijafanyika na malipo yasitoke.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kuhusu nyumba ya nyasi: kusafisha uwanja peke yake hakutaiokoa, paa lenyewe ndilo pa kutua. Anza na bati. Kama bado huna uwezo, moto ukikaribia toa watu mapema, piga 114. Kwa wote wenye bati: moto ukishapita msiende kulala. Weka pipa la lita 200 limejaa, ndoo na ngazi, kagua darini, chini ya kofia na nyuma ya nyumba kila nusu saa mpaka asubuhi. Nyumba nyingi huwaka saa kadhaa baada ya moto kupita, kutokana na cheche moja ambayo ndoo moja ya maji ingeizima.