"Mshamba" ni tusi au utani tu? Tujadili

Wadau, naomba tulijadili hili neno "mshamba", maana Jumamosi limeniuma.

Nilikuwa ndani ya daladala pale Mbezi, nje ya kituo cha mabasi ya mikoani. Mama mmoja, kiroba cha mchele kichwani, kuku wawili mkononi, akasogea mlangoni kuuliza kama gari linafika Temeke. "Samahani mwanangu," alianza hivyo. Konda akamjibu, "Toka mlangoni, mshamba wewe!" Gari zima likacheka. Mama akashusha kiroba taratibu, akakaza kanga kiunoni. Hakupanda.

Rafiki niliyekaa naye akaniambia nisikuze mambo. Kwake yeye, mshamba wa siku hizi si mtu wa shamba, ni yeyote asiyejua mambo, hata awe kazaliwa Masaki. Kuna ukweli hapo. Tajiri akianika pesa zake mbele za watu tunamwambia "acha ushamba", na huenda hajawahi kushika jembe.

Lakini kwa nini tulipotafuta jina la ujinga tukalichukua shambani? Sifa ya ujanja tukampa "mtoto wa mjini". Jembe tumelichora hadi kwenye nembo ya taifa, hotuba zote kilimo ni uti wa mgongo, halafu mwenye jembe akishuka kwenye basi anageuka kichekesho. Wali tunaokula Dar nzima unatoka Kyela, Mbarali, Ifakara, kwa hao hao.

Azimio la Arusha la 1967 lilionya kwamba tusipoangalia, watu wa mijini ndio tutakaokuwa wanyonyaji wa wakulima. Lilikuwa linasema habari za fedha: mikopo inajenga mijini, mazao ya mkulima ndiyo yanayoilipa. Mimi naona dharau imo humo humo. Angalia lumbesa. Mkulima anajaziwa gunia mpaka linashonewa kilemba juu, analipwa bei ya gunia moja, na anayemfanyia hivyo hana hata chembe ya aibu. Ataionaje aibu, wakati moyoni ameshasema huyu ni mshamba tu, hajui kitu?

Mimi nimeliacha. Mdogo wangu aliyekuja mwezi uliopita kutoka kijijini nilishamwita hivyo kwa sababu hakujua kuvuka barabara, na Jumamosi usiku nilimwomba radhi. Mnaosema ni utani, leteni hoja zenu.