Tupeane uzoefu: betri imechoka, gari linaumwa magonjwa kumi

Mshangani
Wakuu, habari za Kusini. Wiki mbili zilizopita IST yangu ilianza vituko. Nikiwasha asubuhi hapa Shangani, taa ya ABS inawaka, ya usukani inawaka, na usukani wenyewe mzito kama wa Fuso la mchanga. Nikikaribia Naliendele taa zinazima zenyewe. Fundi wa kwanza akasema mota ya usukani imekufa, niagize ya mtumba Dar, laki nne na nusu. Nilishaanza kumzungukia shemeji kwa mkopo.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa umeme, hakufungua kitu. Aliweka mita kwenye betri gari likiwa limelala usiku kucha: volti 11.9. Akaniambia piga stata, namba ikaporomoka mpaka 8 na pointi. Akasema hapo kompyuta za gari zinakosa pumzi, kila moja inaanza kulalamika kivyake. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6, na gari likishawaka altaneta, ile inayochaji betri, itoe kati ya 13.8 na 14.5. Yangu ilitoa 14.1, kwa hiyo altaneta haikuwa na kosa. Nilifunga betri mpya na usukani ukapona siku ile ile.

Nani mwingine yamemkuta? Leteni visa, na mseme mnazuiaje.

Mama Mikorosho, Tandahimba
Noah yangu ni ya msimu. Korosho zikiisha naipaki chini ya mti, mpaka tupige dawa tena. Miaka mitatu mfululizo nanunua betri nikilaumu wauzaji. Kijana wangu ndiye aliyenieleza kwamba betri ikikaa bila chaji, salfeti inagandia kwenye sahani za risasi ndani, na ikishaganda sana hata ukiichaji haishiki. Na joto letu hili linaimaliza upesi zaidi. Sasa nikipaki nafungua kichwa cha hasi, na kila mwezi betri inapelekwa kuchajiwa. Hii ya sasa inaingia msimu wa tatu. Ila ukirudisha waya usishtuke: saa inaanza upya, vioo havipandi kwa mguso mmoja, na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inaweza kuyumba siku ya kwanza.

Wa Nangurukuru
Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara imekatika Somanga. Tumelala foleni na Hiace, abiria wanachaji simu, redio inasaka habari, hazadi zinawaka usiku kucha. Asubuhi nageuza ufunguo: ta-ta-ta-ta. Ile sauti ni rilei inavuta na kuachia kwa sababu umeme hautoshi, wala stata haijafa.

Tukaomba busta kwa lori lililokuwa mbele yetu. Utingo wangu, na haraka zake, karibu achomeke waya kwenye betri zote mbili za lori. Dereva wa lori alimpigia kelele ambayo nadhani ilisikika Kilwa Masoko. Lori linatumia volti 24, betri mbili zimeunganishwa. Ukiliingiza lote kwenye gari la volti 12 unaunguza kila kitu. Alituchukulia betri moja tu: chanya kwa chanya, kisha hasi yake, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini yetu, mbali na betri, maana betri inatoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche.

Jirani Mbaya
Gari langu lilikuwa linapiga honi lenyewe saa tisa usiku. Mtaa mzima Ligula wakasema nimefuatwa. Bi mkubwa akaita shehe. Kumbe alamu, betri ikishuka sana inadhani kuna mtu anaiba. Shehe alikula pilau bure.

Spana 10, Mikindani
Niseme kama fundi. Kuna mchezo mafundi wenzangu hawataki kuacha: gari linawaka, unachomoa kichwa cha betri uone kama altaneta inachaji. Kwa magari ya zamani tulipona. Haya ya kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiichomoa, volti zinaruka juu na kontrolo boksi, yaani kompyuta yenyewe, inaungua. Mteja akifanyiwa hivyo akimbie. Mita ipo.

Pili, sisi tunakaa na bahari. Upepo wa chumvi unakula vichwa vya betri na waya wa ethi, ule unaotoka hasi kwenda kwenye bodi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, zima gari, fungua hasi kwanza, osha kwa maji ya moto na magadi soda, kausha, paka grisi. Nimeshapokea watu watatu waliobadilisha betri bure, kumbe bolti ya ethi imeliwa na kutu.

Mshangani
Mzee wangu, na maji? Baba anaongeza ya kisima.

Spana 10, Mikindani
Hapana! Visima vyetu vingi vina chumvi. Weka maji ya betri peke yake, yafunike sahani tu. Asidi usiongeze, ikipungua ni maji ndiyo yamepotea. Na zile betri zilizozibwa usizitoboe.

Mpita Njia, Mingoyo
Yangu ina miezi minne, nikilaza gari siku mbili haliwaki. Altaneta 14.2, vichwa visafi.

Spana 10, Mikindani
Kuna kitu kinanyonya umezima. Pima ampia kwenye hasi, gari limefungwa, subiri nusu saa. Ikizidi miliampia 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke.

Mpita Njia, Mingoyo
Ilikuwa 400! Nimechomoa ya redio ikashuka mpaka 30. Redio nilifungiwa mwezi uliopita na kijana wa hapa sokoni. Naliacha hivyo hivyo mpaka Jumatatu, nitawaambia.