MJADALA: Mfumaji wa t'nalak abuni nakshi mwenyewe, au asubiri ndoto?

Mshindio (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Hoja yangu ni t'nalak, kitambaa cha nyuzi za abaka kinachofumwa na wanawake wa Kit'boli huko Lake Sebu, jimbo la South Cotabato, kisiwani Mindanao, Ufilipino. Desturi inasema nakshi hutolewa na Fu Dalu, roho mlinzi wa abaka, naye humpa mfumaji ndotoni. Rangi ni tatu tu: nyeusi, nyekundu, na weupe wa uzi wenyewe. Siku hizi wanunuzi wa mijini wanataka kijani, buluu, na nakshi mpya kila msimu. Wapo wanaosema binti akibuni nakshi akiwa macho, alichofuma si t'nalak. Mimi nasema ni t'nalak, na kumkataza ni kumgeuza mashine ya kunakili kazi ya bibi yake. Lang Dulay, mfumaji wa Kit'boli aliyepewa tuzo ya wasanii wa jadi wa taifa (GAMABA) mwaka 1998 na kufariki 2015, alijua nakshi zipatazo 100. Kuna mtu anaamini zote 100 zilishuka siku moja?

Kete

Mleta mada, umeruka hatua. Huo ubunifu unaoutetea unakaa wapi katika kazi hii? Kwenye kitanda cha kufumia haupo. Uzi ukifika pale, nakshi imeshaamuliwa zamani.

Anzia shambani. Abaka ni ndugu wa mgomba. Shina likikatwa, maganda yake hubanduliwa tabaka kwa tabaka, na kila utepe huvutwa chini ya makali ya kisu kilichokandamizwa juu ya ubao, ili maji na nyama vitoke, zibaki nyuzi. Nyuzi huchanwa, hukaushwa, huchambuliwa kwa unene. Kwa kuwa uzi hauwezi kuzidi urefu wa shina, huungwa ncha kwa ncha kwa fundo dogo, na mikia ya fundo hukatwa. Fundo likiwa nene litakwama wakati wa kufuma na kukata uzi wa jirani. Likiwa legevu litafunguka. Kazi hiyo peke yake inakula siku nyingi, na bado hakuna hata alama moja ya nakshi.

Nakshi inaingia kwenye kufunga. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, hutandazwa kwenye fremu, kisha mfumaji hufunga vifungu vyake kwa uzi mwingine kila mahali ambapo rangi haitakiwi kufika. Hana mchoro wa karatasi. Anahesabu nyuzi na kukumbuka. Mzigo wote huchemshwa na majani ya mti uitwao knalum, tena na tena, mpaka weusi ukolee. Halafu hufungua vifungo vya sehemu zitakazokuwa nyekundu, mzigo unaingia kwenye chungu cha mizizi ya loko. Mwisho anafungua vilivyobaki, na weupe unatokea. Maana yake anafikiri kinyumenyume: sehemu iliyofungwa muda mrefu kuliko zote ndiyo itakayong'aa kwa weupe. Kifungo kikilegea, weusi unapenya na haufutiki.

Sasa niambie, ndoto inafanya kazi gani hapo? Inampa sura: mawingu, kipepeo, mamba. Kuigeuza sura hiyo kuwa hesabu ya nyuzi ni kazi ya kichwa chake mwenyewe. Ndoto haikumnyima ubunifu. Ninachokataa ni hiyo "mpya kila msimu". Kitambaa kimoja, kuanzia shina hadi kung'arishwa, huchukua miezi. Msimu wa mitindo utakwisha binti bado anaunga mafundo.

Mshindio

Kumbe tunakubaliana kwamba anabuni! Basi tofauti yetu ni saa tu: usiku au mchana.

Uzi Mrefu

Naongeza ushahidi kutoka kwa majirani zao. Wabagobo nao hufuma abaka kwa mbinu hiyohiyo ya kufunga kabla ya kutia rangi, kitambaa chao wanakiita inabal. Salinta Monon, aliyepata tuzo ileile mwaka 1998, alisifika kwa kutazama kitambaa mara moja na kutaja si nakshi tu bali na aliyekifuma. Nakshi aliyoipenda zaidi ni binuwaya, ya mamba, nayo ni kati ya ngumu kuliko zote. Kitambaa cha mita 3.5 kwa sentimita 42 kilimchukua miezi 3 hadi 4.

Wafumaji wawili wakifuma mamba yuleyule wa kurithi, mwenye jicho anawatofautisha. Mkono wa mtu unaonekana ndani ya nakshi ya zamani. Kwa hiyo nakataa pande zote mbili za mada: anayesema urithi ni kunakili hajatazama kwa karibu, na anayesema lazima iwe ndoto amesahau kwamba nakshi nyingi za t'nalak binti huzipokea kwa mama yake, wala hakuziota yeye.

Chungu

Mnajadili roho, mimi nauliza rangi. Mteja anataka buluu. Sawa, anatumia rangi gani? Abaka ni nyuzi za mmea. Rangi za asidi zinazokusudiwa sufu na hariri hazishiki vizuri hapo, zitachuja zikifuliwa. Akitumia za dukani zinazofaa pamba zitashika, lakini asiposuuza mpaka maji yawe meupe, zitachuja kwenye sehemu nyeupe na kazi ya kufunga itakuwa bure.

Loko nayo ina masharti. Wekundu wa mizizi ile unategemea chokaa. Bila chokaa unapata manjano au kahawia. Wanunuzi wengi wanaolalamika kwamba "nyekundu hailingani na ya oda iliyopita" hawajui kwamba hakuna vyungu viwili vitakavyotoa wekundu mmoja. Mtu akitaka mita 200 za rangi moja, aseme tu ukweli kwamba anataka kiwanda.

Mimi siyo mpinzani wa buluu. Ila anayeagiza buluu kwa bei ya loko na knalum, halafu akauza kama "rangi za asili", huyo ni tapeli.

Bitana

Mmesahau mkasi. Kwa Wat'boli wa jadi, kukata t'nalak ni mwiko unaoweza kuleta ugonjwa, na kinapouzwa hufungwa pete ya shaba ili roho asikasirike. Upande wa fundi cherehani, sababu nyingine iko wazi. Abaka haivutiki. Ukiikata, kingo zinachanguka mara moja, kwa hiyo kabla ya mkasi lazima ubandike bitana nyuma au upige mshono pande zote mbili za mstari wa kukatia. Ukiikunja na kuiweka kabatini, mkunjo unavunja nyuzi na mstari hautoki tena. Haikunjwi, huviringishwa. Na ule mng'ao wake hautokani na uzi tu bali na kusuguliwa: mwanamke hushika fimbo ndefu ya mwanzi yenye ganda la kete kwenye ncha na kusugua kitambaa kizima hadi kilale na kung'aa. Ukikifua kwa mashine, mng'ao umekwenda.

Kwa hiyo mbunifu wa mitindo anayetaka mikono ya koti yenye mikunjo amechagua kitambaa kisichomfaa. Mkoba, ukanda wa kiunoni, paneli bapa ya mgongoni, hayo yanawezekana. Nakshi pia imepangwa kwa upana mzima. Ukikata katikati ya mamba umebaki na miguu.

Mpwani

Jamani, mbona tunalia sana? Kanga zetu zimechapwa India, zimechapwa Japani, na bado ni zetu. Wachape t'nalak kwenye pamba, watu wavae, maisha yaendelee.

Kete

Ndugu Mpwani, kanga ilizaliwa kwenye biashara ya vitambaa vya kuchapa, na ubunifu wake uko kwenye jina na mpangilio. Kuichapa hakuiondolei kitu. T'nalak ubunifu wake ni kule kufunga. Ukiichapa umechukua kivuli ukaacha kazi yote. Tena kingo za nakshi yake huwa na ukungu kidogo kwa sababu rangi hupenya chini ya kifungo, na nyuzi husogea kidogo wakati wa kufuma. Wachapaji huunyoosha mstari. Ukitaka kujua kama umeuziwa feki, geuza upande wa pili: ya kweli rangi imeingia uzi mzima, ya kuchapa nyuma imefifia.

Kifungu

Naona hamjagusa pesa, na mada yote iko hapo.

Ufilipino ina sheria namba 7355 ya 1992 iliyoanzisha GAMABA. Vigezo vyake vinataka sanaa iwe imedumu walau miaka 50, na wakati huohuo kazi za msanii ziwe bora na za kipekee. Kwa hiyo hata serikali yenyewe haioni ugomvi kati ya jadi na upekee. Tena anayetuzwa anawajibika kufundisha vijana.

Ya pili ni sheria ya haki za jamii asilia, namba 8371 ya 1997. Kifungu cha 32 kinaipa jamii haki ya kurejeshewa mali yake ya kitamaduni na kiakili iliyochukuliwa bila ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili.

Ya tatu ni sheria ya hakimiliki na hataza, namba 8293, ya mwaka huohuo wa 1997. Muundo unaosajiliwa kwa sheria hii hulindwa miaka 5, ukihuishwa mara mbili unafika 15, kisha basi.

Sasa tia ndoto kwenye hesabu hiyo. Nakshi ikiwa ya Fu Dalu, hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza. Mfanyabiashara lazima akae na jamii. Nakshi ikiwa ya kichwa cha binti mmoja, sahihi moja inatosha, naye anayeletewa karatasi ni binti mwenye shida ya ada ya watoto. Mshindio, unapomtetea awe mbunifu binafsi, angalia usimvue ngao. Agosti 2021 kozi ya mtandaoni ya Whang-Od, mchora tatuu mkongwe wa Buscalan, Kalinga, kaskazini mwa Ufilipino, iliondolewa baada ya ndugu yake kulalamika kuhusu mkataba. Swali lilikuwa hilohilo: sahihi ya mtu mmoja juu ya sanaa ya watu wengi. Kenya nayo ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi yenye mantiki ya namna hiyo, mmiliki ni jamii.

Mshindio

Mkuu Kifungu, hoja nzito, lakini ina upande wa pili. Hiyo ngao ya "ni ya jamii" ndiyo inayofuta majina. Koti linaonyeshwa jukwaani, mshonaji anatajwa, mpiga picha anatajwa, aliyehesabu nyuzi miezi 3 anaitwa "wafumaji wa kienyeji". Umiliki ubaki kwa jamii, sina neno. Jina la aliyefanya liandikwe. Hivyo ni vitu viwili.

Uzi Mrefu

Naunga mkono, ila liandikwe jina la nani? Mara nyingi anayetoa nyuzi shinani ni mwingine, anayeunga mafundo mwingine, anayefunga nakshi ni mzoefu, na anayefuma anaweza kuwa msichana mwanafunzi. Anayesugua kwa kete anahitaji nguvu za mabega, si lazima awe mmoja wao.

Kete

Aliyefunga. Huyo ndiye mwenye nakshi. Wengine walipwe vizuri.

Chungu

Na aliyepika rangi? Wekundu ukitoka kahawia, nakshi ya huyo mfungaji wako itaonekanaje?

Bitana

Lebo ya nguo ina sentimita 4 kwa 6. Yanaenea majina mawili, jina la nakshi, na neno moja la rangi: mizizi au duka. Mimi ningeandika aliyefunga na aliyefuma. Kete na Chungu wakikubaliana jina la tatu, nitaongeza upana.

Kifungu

Nyuma ya lebo weka pia namba ya ridhaa ya jamii, hata ikibidi kwa herufi ndogo. Jina bila ridhaa litamletea huyo mama wageni wenye karatasi za kusaini mlangoni.