Msaada wakuu: kitabu changu kinaweka rangi kwenye linki, wanafunzi wanaminya "Endelea" tu

Chaki Mbovu: Habari za jioni wakuu. Nafanya masta, nimetengeneza kitabu cha hesabu cha kwenye kompyuta, kidato cha pili, pembeni ya kila linki kuna kidoti, kijani maana yake mada hii saa hizi unaiweza, nyekundu kuna vitu vya nyuma hujasoma, na zinabadilika kadiri unavyosoma. Sasa naangalia rekodi naona Endelea, Endelea, Endelea mpaka mwisho kama watu wanamenya karanga. Maksi za waliowekewa rangi na wasiowekewa zilezile. Msimamizi anataka sura ya nne Ijumaa, nifanyeje?

Binti wa Msimbazi: Kijani Yanga, nyekundu Simba, halafu unashangaa hawabofyi kijani 😂

Mama Wawili: Sisi kitabu kimoja darasa zima, tunachomoa kurasa tunagawana, hakuna kidoti na tulifaulu. Mnawadekeza.

Lojiki: Mkuu si wewe wa kwanza. Watafiti Brusilovsky na Eklund 1998 na InterBook yao, mfumo wa vitabu vya kwenye kompyuta wenye vidoti vya rangi kama vyako, wengi waliminya vitufe vya kwenda mbele na kurudi nyuma tu, ila waliofuata rangi ndio walielekea kufanya vizuri. Weber na Specht 1997, kozi ya Lisp, lugha ya kuandikia programu, kule Ujerumani, wageni kabisa walisaidika na kitufe cha kuwapeleka mbele, rangi ziliwafaa wenye uzoefu kidogo. Wako kila mmoja alikuwa na akaunti yake?

Chaki Mbovu: Akaunti zilikuwepo.

Lojiki: Sijauliza kama zilikuwepo.

Chaki Mbovu: Kompyuta 11 wanafunzi 38, wakakaa watatu watatu, kwingine wanne, akaunti moja kila kompyuta. Lakini si wanasoma pamoja jamani, na sura ya tatu nshaandika kila mtu na yake, msimamizi kashapitisha, nirudi nyuma vipi?

Lojiki: Kwa hiyo mmoja kaenda chooni, wenzake wamefungua kurasa nne, anarudi anakuta kijani, eti anaiweza. Kidoti kimemdanganya, hata mimi ningeminya Endelea. Kairekebishe sura ya tatu leo leo.

Chaki Mbovu: Nilikuwa nafikiria nigawanye tu rekodi kwa watatu...

Mpekuzi: Hii chai. Nimepitia nyuzi zake, mwezi uliopita alikuwa fundi friji anauliza bei ya gesi.

Chaki Mbovu: Si chai mkuu, hii akaunti tunatumia na mdogo wangu, fundi ni yeye.

Binti wa Msimbazi: 😂😂😂 Sasa hapa tunamshauri nani, mwalimu au fundi friji?