Tupeane uzoefu: watoto wa Kilatino, lugha ya nyumbani na safari ya chuo kikuu Marekani

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Phoenix, Arizona, msaidizi wa mwalimu sekondari. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni mama wa Sonora, Meksiko, yaani Mlatino, kama tunavyowaita huku wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Binti yake amekulia uani kwetu, akila chapati zetu na wangu wakila tamale za kwao. Alipofika darasa la 11 (sekondari ya huku inaishia la 12), miaka kadhaa iliyopita, aliniletea orodha ya masomo yake nimsaidie kuomba chuo. Niliisoma mara mbili. Kemia hakuna. Aljebra ya pili hakuna. Kiingereza, Kiingereza, Kiingereza.

Kwa wasiojua: mwaka 2000 wapiga kura wa Arizona walipitisha Proposition 203, pendekezo la sheria lililopigiwa kura na wananchi, iliyozima sehemu kubwa ya ufundishaji wa lugha mbili. Baadaye ikaja amri ya saa nne za Kiingereza kitupu kila siku kwa mtoto asiyefaulu mtihani wa lugha. Mwaka 2019 ndipo ikalegezwa. Haya, toa saa nne kwenye siku ya shule uone kinachobaki. Wakati huohuo vyuo vikuu vya jimbo vinataka masomo 16 ya msingi, yakiwemo hisabati 4 na sayansi za maabara 3. Halafu eti na miaka miwili ya lugha ya pili! Binti anayemwandikia bibi yake barua kwa Kihispania, kwenye karatasi ya shule hakuwa na lugha ya pili.

Alianzia chuo cha miaka miwili, aljebra akaisoma upya kwa pesa ya kuuza viatu dukani. Sasa anamalizia uuguzi. Nataka kusikia kwenu, hasa wenye watoto darasa moja na Walatino. Mlidai nini, na nani aliwasikiliza?

Mama wa Abilene
Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukashushwa Abilene, Texas. Sheria ya huku inasema wilaya ikiwa na watoto 20 wa lugha moja katika darasa la ngazi moja, wasiojua Kiingereza vizuri, lazima waanzishiwe masomo ya lugha mbili. Walatino wanafika hiyo 20 kabla kengele haijalia. Wa Kiswahili walikuwa saba.

Mama mmoja wa El Salvador, tunasafisha naye vyumba hotelini, akaniambia twende kikao cha bodi ya shule. Wao walikuwa wanadai masomo ya lugha mbili yasikatwe watoto wakimaliza msingi, yaende nao mpaka sekondari. Unapewa dakika chache kwenye maikrofoni na saa inakuhesabia. Mwenzangu akaongea Kihispania, mkalimani akamlia nusu ya muda. Mwezi uliofuata alikuja na karatasi, upande mmoja Kihispania, wa pili Kiingereza, akawagawia wajumbe wote kabla hajafungua kinywa. Siku hiyo walimwuliza maswali.

Nami nikaiga, nikadai mkalimani wa Kiswahili, nikapata. Kabla ya hapo mwanangu ndiye aliyekuwa ananitafsiria mwalimu akimlalamikia yeye mwenyewe. Kila kikao "mama, amesema naendelea vizuri". Kumbe!

Mzee wa Minnesota
Mimi napinga. Umekuja Marekani, soma Kiingereza. Kihispania ataongea na bibi yake. Wangu niliwakataza Kiswahili ndani ya nyumba na wote wako chuo.

Mtoto wa Singida
Mzee, shikamoo. Wewe kidato cha kwanza ulisomea wapi? Mimi darasa la saba nilikuwa naeleza mmeng'enyo wa chakula mpaka mwalimu anavuta kiti. Januari naingia sekondari, utumbo uleule umegeuka Kiingereza, nikawa bubu mwaka mzima. Waliokuwa nyuma yangu ila wametoka shule za Kiingereza wakaitwa vichwa. Huyo binti wa Sonora namwelewa bila kuelezwa. Na bibi wa wanao nani anaongea naye siku hizi?

Mwalimu wa hisabati, Los Angeles
Sheria zinabadilika kama upepo. California ilibana lugha mbili mwaka 1998 kwa Proposition 227, ikafungua tena 2016 kwa Proposition 58. Na Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema tangu 1974, kwenye kesi ya Lau ya watoto wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumpa mtoto vitabu vilevile na mwalimu yuleyule wakati haelewi lugha si usawa.

Wanaoniumiza mimi ni wale waliozaliwa hapahapa. Kiingereza cha mtaani kinawatiririka, lakini darasa la 10 bado wanahesabiwa wanaojifunza Kiingereza kwa sababu wamekwama kwenye kuandika. Ratiba inajazwa masomo ya ziada ya lugha, na yale masomo 15 ya kuingilia vyuo vikuu vya jimbo yanakosa nafasi.

Nilikuwa na kijana mmoja, tangu ana miaka tisa anamtafsiria mama yake kliniki. Nikamwambia afanye mtihani wa AP (mtihani wa ngazi ya chuo unaofanywa ukiwa sekondari) wa Kihispania, akacheka: "Mwalimu, hiyo si lugha ya shule." Akapata 5, alama ya juu kabisa. Wiki hiyohiyo akaja kuuliza kama darasa langu la juu bado lina nafasi. Miaka miwili nilikuwa nikimbembeleza aingie! Alihitimu na muhuri wa lugha mbili kwenye cheti, ule ulioletwa na sheria ya California ya 2011.

Baba wa Chicago
Msisahau fomu ya msaada wa fedha, FAFSA. Mwanzoni mwa 2024 mfumo mpya uliwakwamisha wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii (Social Security). Rafiki wa mwanangu kazaliwa hapa, wazazi wa Guatemala, alishinda na simu sikioni wiki nzima nzima huku vyuo vinamwuliza jibu. Tulimpikia ugali tu, hatukuwa na la kumsaidia.

Mleta uzi
Mzee wa Minnesota, bado tunasubiri jibu la kuhusu bibi. Mama wa Abilene, tafadhali nitumie PM mfano wa ile karatasi. Bodi yetu inakaa Jumanne, na mama wa Sonora ana mdogo wake huyo binti anaingia darasa la 9.