Wakaguzi wa kazi walipofika hotelini kwenu, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mkaazi wa Jambiani

Assalaam alaykum jamaa. Wengi humu tumefanya kazi hotelini, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Nam. 11 tunayo tangu 2005, na inamtaka mwajiri atoe mkataba wa maandishi. Kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kilipandishwa 2024 kutoka shilingi 180,000 hadi 347,000. Nataka tuzungumze ile siku gari ya serikali inapoingia getini. Hutokea nini hasa?

Naanza mie. Nilikuwa nikisafisha vyumba katika hoteli moja pwani ya mashariki. Wakaguzi walipokelewa ofisini kwa meneja, wakaletewa faili la mikataba. Ndani yake mlikuwa na watu wa mapokezi na wakuu wa vitengo. Sisi wa vyumbani, wa bustani na waosha vyombo tulikuwa vibarua miaka nenda miaka rudi, tunasaini daftari tu. Siku hiyo tuliambiwa tukae nyuma, kwenye nyumba za wafanyakazi, mpaka wakaguzi hao waondoke. Waliondoka bila ya kumuuliza hata mfua mashuka mmoja. Iliniuma sana, kwa sababu tulikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka walipokaa.

Mpishi wa Kiwengwa

Waalaykum salaam. Kwetu ilikuwa tafauti. Alikuja mkaguzi mmoja bibi, akaja moja kwa moja jikoni wakati wa kubadilishana zamu na akawaomba wakubwa watoke. Akauliza mmoja mmoja: unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi, siku yako ya mapumziko ipi, slipu ya mshahara unapewa? Hapo ndipo ilipobainika kuwa tunakatwa michango ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) kila mwezi na haifiki huko. Aliandika, akawapa muda wa kurekebisha, kisha akarudi. Kule kurudi ndiko kulikotusaidia. Angelikuja mara moja tu, karatasi ingelikaa mezani mpaka leo. Michango ya nyuma ililetwa kidogo kidogo.

Nawaomba msingoje mkaguzi. Nenda ofisi ya ZSSF wewe mwenyewe, omba taarifa ya michango yako.

Mama wa Paje

Mie nilikuwa napewa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Niliposhika mimba haukuongezwa. Hakuna aliyesema nimefukuzwa, nimeambiwa tu umekwisha. Nilikwenda Kamisheni ya Kazi, nikaelekezwa kitengo cha usuluhishi wa migogoro. Swali la kwanza: una nini mkononi? Alhamdulillahi nilikuwa nimeiweka mikataba yote ya nyuma kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na slipu. Upande wa hoteli walidai nilikuwa kibarua wa msimu, lakini karatasi zilionesha nimefanya kazi mfululizo, masika na kiangazi. Tukasuluhishwa, nikalipwa. Haikuwa yote niliyostahiki, na mtoto alikuwa keshaanza kutambaa.

Dada zangu, msiache nakala ya mkataba ofisini.

Mhudumu, Nungwi

Shikamooni wakubwa. Mimi nimetoka bara, nalala kwenye vyumba vya wafanyakazi. Nikigombana na bosi, siku hiyo hiyo sina kazi wala pa kulala. Halafu kuna masika. Aprili na Mei hoteli inapunguza watu, tunaambiwa ni likizo bila malipo, mrudi Juni. Aliyelalamika Machi haitwi Juni. Hakuna barua ya kumwachisha, simu tu haipigwi. Mkaguzi akiniuliza mbele ya msimamizi nitasema kila kitu kiko sawa, na nimeshasema hivyo.

Msimamizi, Mji Mkongwe

Naendesha nyumba ndogo ya wageni, na mie niseme ya upande wetu. Leo wakaguzi wa kazi, kesho ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), keshokutwa Kamisheni ya Utalii, kila ofisi na siku yake na fomu zake. Masika vyumba vitupu na mishahara inadaiwa. Hilo ni zito kweli. Lakini kumuandikia mtu mkataba hakuhitaji mgeni hata mmoja kulala. Wanaosema hawana uwezo wa kutoa mikataba wasiwadanganye.

Mtu wa Wete

Huku Pemba hoteli ni chache na watu tunajuana. Ukipeleka malalamiko asubuhi, jioni barazani keshatajwa nani kayapeleka.

Mkaazi wa Jambiani

Ahsanteni sana. Mdogo wangu wa Nungwi, ulilosema ndilo linalonikosesha raha. Naona wakaguzi waje Agosti na Januari, hoteli zikiwa zimejaa na watu wote wako kazini, wawachukue wafanyakazi pembeni bila ya msimamizi, na warudi tena Juni kuangalia nani hakuitwa.

Sheria ya Mahusiano Kazini Nam. 1 ya 2005 inaturuhusu kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko kupitia chama, jina lake lisijulikane kwa mwajiri? Tafadhali atueleze alianzia wapi, hasa kama ni mtu wa Pemba au anayelala hotelini.